Land Rover, Mathare na Chuma Kinachokatika Kwanza

Leo naweka kando PHP na hifadhidata. Wasomaji wa hapa mmezoea kunisikia nikilalamika kuhusu programu zinazogoma bila kusema zimegoma wapi, lakini wiki hii nataka tuzungumze kuhusu chuma. Ni fimbo moja tu ya chuma, imejificha ndani ya ekseli ya nyuma ya Land Rover za zamani, na mafundi wa Nairobi huiita hafshafti. Inakatika. Imekuwa ikikatika tangu kabla ya wazazi wangu kuzaliwa. Na nadhani, ukiifuatilia vizuri, inaeleza kwa nini magari haya yalidumu katika mitaa kama Mathare wakati magari ya maana zaidi yaliishia kuwa mabanda ya kuku.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, njia ya nguvu ni hii. Injini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha propela (ile shafti ndefu inayopita chini ya tumbo la gari), na propela inaingia kwenye difu katikati ya ekseli. Difu inaigawa ile nguvu kulia na kushoto. Kutoka difu hadi gurudumu ndipo ilipo hafshafti, moja kila upande. Katika Land Rover difu haikai katikati kabisa, imesogea kulia, kwa hiyo hafshafti ya kushoto ni ndefu na ya kulia ni fupi. Ncha ya ndani ina meno kumi yanayoingia kwenye difu kama ufunguo kwenye kufuli. Hapo meno yanapoanzia ndipo penye balaa, maana pale ndipo chuma hubadilika umbo ghafla, na nguvu hupenda kuvunja vitu mahali vinapobadilika umbo.

Ikikatika utajua. Kunakuwa na mlio mmoja, tak, halafu injini inanguruma na gari halisogei. Jambo la kuchekesha ni kwamba spidomita inaendelea kukuambia kuwa unatembea, kwa sababu waya wake unachukua mzunguko kule kwenye giaboksi, kabla ya mahali palipovunjika. Kila mtu aliyewahi kusoma ripoti ya seva inayosema mambo yote ni sawa, huku wateja wakipiga simu kwa hasira, anaielewa hiyo spidomita.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Chukua Land Rover ya Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Msokoto wake wa juu ni kama Nm 168. Gia ya kwanza inaongeza mara 3.68, gia ya chini ya matope (ile ya kifundo chekundu) inaongeza mara 2.35, na difu inaongeza mara 4.7. Zidisha zote unapata karibu 40.7. Kwa hiyo Nm 168 za injini, ukiacha zile zinazopotea kwa msuguano, zinakuwa zaidi ya Nm 6,800 zikifika nyuma. Katika gia hiyo magurudumu ya mbele nayo huwa yanavuta, lakini ukiwa unapanda mlima na mzigo mgongoni, mbele panakuwa pepesi na karibu kazi yote inashuka nyuma. Gawa kwa mbili: Nm 3,400 kwa kila hafshafti. Sasa weka dereva anayeachilia klachi ghafla akiwa amezama kwenye tope, gurudumu lizunguke bure halafu lishike jiwe mara moja. Basi, tak.

Swali ni kwa nini kampuni iuze gari la mashambani lenye udhaifu wa namna hiyo. Jibu liko mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua na chuma cha kawaida viligawiwa kwa kibali, na kampuni ya Rover ilihitaji kitu cha kuuza nje haraka. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wao, alikuwa na jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake huko Anglesey, na kutoka hapo likaja wazo. Bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa inapatikana. Injini na giaboksi vilitokana na gari la kawaida la Rover la wakati huo. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na injini ya lita 1.6, nguvu ya farasi 50 na msokoto wa karibu Nm 108. Kwa gari hilo dogo na jepesi, hafshafti ya meno kumi ilitosha.

Halafu kikatokea kile ambacho sisi waandishi wa programu tunakijua vizuri mno. Kila mtu akaongeza kitu juu, hakuna aliyegusa chini. Mwaka 1958 ikaja Series II na injini ya 2.25. Gari likarefushwa hadi inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, likapewa viti 12 au kitanda cha kubebea tani nzima ya mizigo. Mwaka 1967 likapewa hata injini ya silinda sita. Kule chini, kwa miaka hiyo yote, meno yalibaki kumi. Msimbo wa zamani unaobeba kampuni nzima, na hakuna mtu anayetaka kuufungua.

Lakini kuna jambo moja ambalo wahandisi hao walilifanya sawasawa, nalo ndilo lililofanya gari hili liweze kutengenezeka chini ya mwembe. Kuanzia Series II, ekseli ya nyuma haiegemezi uzito wa gari kwenye hafshafti. Uzito unabebwa na habu na beringi zake, zilizokaa juu ya bomba la ekseli lenyewe. Hafshafti inapita ndani ya bomba hilo, kazi yake ni kusokota tu. Maana yake ni kwamba hafshafti ikikatika, gurudumu halichomoki. Gari halilali. Huhitaji hata jeki. Unafungua bolti sita kwenye habu, unavuta fimbo nje, unaziba tundu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie na oili isimwagike. Kisha unabonyeza kifundo cha manjano, magurudumu ya mbele yanaingia kazini, na unarudi nyumbani ukivutwa na ekseli ya mbele. Polepole, lakini unarudi.

Sidai kwamba Wilks alikaa mezani akasema, hebu tuweke chuma dhaifu hapa kiwe kama fyuzi. Hata hivyo kikawa fyuzi. Nguvu ikizidi, kinachokufa ni kile cha bei nafuu na kinachofikika kirahisi, badala ya difu au giaboksi.

Sasa tuje Mathare. Wasomaji wa Tanzania na kwingineko, Mathare ni bonde lililoko kaskazini mashariki mwa jiji la Nairobi, kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika, na mto wenye jina hilo hilo unapita chini yake. Kabla ya kuwa mtaa lilikuwa machimbo ya mawe. Nyumba nyingi za mawe za Nairobi ya kikoloni zilitoka kwenye kuta za bonde hili. Ng'ambo ya Barabara ya Juja kuna uwanja wa ndege za kijeshi wa Eastleigh, ambao hadi 1964 ulikuwa wa jeshi la anga la Uingereza.

Land Rover haikuingia hapa kama rafiki. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, gari hili lilikuwa na umri wa miaka minne tu, na polisi na jeshi walikuwa wakilitumia Kenya nzima. Vijiji vya Mathare vilishukiwa kuwaficha Mau Mau na vikabomolewa. Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, Nairobi ikazingirwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakusanywa na kuchujwa. Wazee wa Eastlands ukiwatajia Land Rover ya miaka ile hawaanzi na uimara wake. Wanaanza na mlio wake usiku. Hata baada ya uhuru mwaka 1963, watu waliporudi kujenga kwenye bonde, gari lililokuwa likishuka kwenye vichochoro kutafuta chang'aa lilikuwa mara nyingi Land Rover.

Naona inafaa kulikumbuka hilo, maana siku hizi tunaandika kuhusu magari ya zamani kana kwamba yote yalikuwa ya kwenda kuwatazama simba.

Ni mnada ndio uliobadilisha mambo. Serikali hailei gari milele. Land Rover zenye namba za GK zilipochoka ziliuzwa kwa mnada, na za walowezi waliokuwa wakiondoka nazo zikauzwa. Mwaka 1974 kikaanzishwa kiwanda cha Leyland Kenya huko Thika, ambacho baadaye kiliitwa KVM, na Land Rover zikawa zinaunganishwa hapa hapa. Kwa hiyo kukawa na magari mengi, yaliyochoka, mikononi mwa watu wasio na pesa za kwenda kwa wakala. Wale waliokuwa wakilikimbia gari hili sasa wakawa chini yake na spana.

Ukitaka kuelewa ni nani hao, kuna ripoti moja ya mwaka 1972 ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuhusu ajira nchini Kenya. Ndiyo iliyosambaza duniani lile wazo la sekta isiyo rasmi. Watafiti walikuja kutafuta watu wasio na kazi, wakakuta watu wanaofanya kazi kutwa, bila leseni, bila banda, bila mkopo, na tena wakibomolewa vibanda vyao mara kwa mara. Ripoti ikaishauri serikali iache kubomoa. Miaka mitano baadaye, 1977, Kenneth King akatoa kitabu chake The African Artisan, akieleza jinsi mafundi wa Nairobi wanavyojifunza ufundi kutoka kwa mafundi wenzao, nje ya shule. Jina la jua kali lenyewe lilipata heshima rasmi polepole: Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuahidi vibanda vya kuwakinga na jua, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera wenye neno jua kali kwenye kichwa chake.

Kwa hafshafti mtandao wa Eastlands ulikuwa kamili. Vipuri, vipya na vilivyotumika, vilitafutwa Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga ya leo, ambayo bado watu wanaiita kwa jina la mlowezi. Kazi ya kukereza chuma ilipelekwa Kariobangi Light Industries. Chuma kilichokufa kikaenda Gikomba na Kamukunji, kikafuliwa kuwa patasi na vifaa vingine. Na katikati ya pembetatu hiyo wamekaa makanika wa Mathare na Huruma, kando ya barabara.

Mjomba wangu ana 109, moja ya zile za mwanzo mwanzo za Series III zilizotoka bado zikiwa na ekseli ya Rover. Anabeba kokoto na saruji kwenye njia ambazo lori halipiti. Katika miaka hii imekatika hafshafti mara tatu ninazozijua, na mara ya mwisho nilikuwepo. Fundi wake ni mzee anayefanya kazi karibu na mto. Nilimuuliza, "Mzee, shikamoo," akaitikia "Marahaba kijana" bila kutoa kichwa chini ya gari, "hii haiwezi kuchomelewa?"

Alicheka. Akasema, "Ukichomelea hafshafti unanunua siku mbili. Ya tatu inakatika tena, na safari hii inaondoka na difu."

Ana haki. Chuma cha hafshafti ni cha aina maalumu, kimepashwa moto na kupozwa kwa utaratibu ili kiwe kigumu na bado kiweze kusokoteka kidogo na kurudi. Moto wa welda unavuruga utaratibu huo pale pale palipovunjika: sehemu moja inakuwa kavu kama kioo, ya pembeni yake inakuwa laini. Alinionyesha pia hafshafti nyingine iliyotumika ambayo haikuwa imekatika, lakini meno yake yalikuwa yamepinda kidogo kama kamba iliyoanza kusokotwa. Hiyo nayo haifungi. Chuma kimeshaonya, alisema.

Kazi yenyewe ngumu si kuitoa hafshafti, ni kukitoa kile kipande kilichobaki ndani ya difu. Kipande cha nje kinatoka kirahisi. Cha ndani ni kisiki cha urefu wa kidole kilichokaza kwenye meno ya difu, mwisho wa bomba refu lenye giza na oili. Alijaribu sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, kisha kitanzi cha waya. Havikufanya kazi. Kwa hiyo akatoa hafshafti ya upande wa pili, akafungua propela, akafungua nati zinazoizunguka difu na kuivuta yote mbele, kwa msaada wa vijana wawili maana ni nzito. Hapo ndipo unapoona uzuri wa ekseli ya Rover: difu inatoka nzima, kama unavyochomoa diski ngumu. Aliigeuza, akakigonga kisiki kikatoka, akaosha kwa mafuta ya taa, akatafuta vipande vidogo vya chuma kwa kidole, akaangalia meno yote moja moja. Hilo la mwisho lilichukua muda mrefu kuliko yote. Punje moja ya chuma ikibaki, inasagwa na difu nzima. Jioni oili mpya ya EP 90 ikamwagwa, gari likatembea.

Sasa ubishi. Mzee alikuwa amepata ekseli ya Salisbury kutoka 109 nyingine iliyokufa, na alitaka mjomba aiweke. Salisbury ndiyo jibu lenyewe la Solihull kwa tatizo hili. Kuanzia mapema miaka ya 1970 walianza kuzipa 109 ekseli hiyo, iliyotengenezwa Birmingham kwa muundo wa Kimarekani wa Dana 60. Ni nene, ni nzito, na hafshafti zake karibu hazikatiki. Inafunga kwenye springi zile zile za 109, ila propela lazima iwe fupi zaidi kwa kuwa pua ya difu imechomoza mbele. Mhandisi yeyote atakwambia hiyo ndiyo njia, na kwa gari linalobeba tani kila siku, kwenye karatasi amesema kweli.

Mimi nilikuwa upande wa mjomba, aliyekataa. Kwanza, nguvu haipotei kwa kuimarisha sehemu moja. Ukiondoa fyuzi, ile Nm 6,800 itatafuta mwingine wa kumvunja: krosi ya propela ukiwa na bahati, meno ya giaboksi ukiwa huna. Giaboksi ya Land Rover ya zamani haikuwahi kusifiwa kwa ubavu. Pili, Salisbury ikiharibika ndani, difu haitoki nzima. Imefungwa ndani ya ganda lake, na kitabu cha kiwanda kinataka kifaa maalumu cha kulitanua ganda ili uitoe. Kifaa hicho hakipo kando ya mto Mathare. Kwa mwenye karakana na dhamana ya kampuni, afadhali hitilafu moja kubwa baada ya miaka kumi. Kwa mtu anayelisha nyumba kwa gari moja, afadhali hitilafu ndogo anayoijua, inayoisha kwa siku moja, kwa pesa ya wiki hiyo. Mzee hakukubaliana nasi. Alisema sisi tunapenda kuvunjika kwa kuwa si sisi tunaolala chini ya gari, na hapo sikuwa na jibu zuri.

Mafuriko ya mwisho wa Aprili 2024 yaliuamua ubishi huo kwa namna nyingine. Mto ulipanda usiku, watu walikufa Mathare, na baada ya hapo serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, matingatinga yakafuata. Uwanja wa mzee ulikuwa ndani ya hizo mita. Aliokoa spana zake, jeki, na boksi la hafshafti zilizotumika ambazo alikuwa akizikusanya tangu miaka ya themanini. Salisbury ilikuwa nzito mno kubebwa na mkokoteni katika saa zile. Maji yalipopungua haikuonekana, ama imezikwa na tope ama kuna aliyeipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Sasa anafanyia kazi juu, karibu na Barabara ya Juja, mahali pa kuegesha gari moja tu. Uzalishaji wa gari hili huko Solihull ulikoma tarehe 29 Januari 2016, na polisi wetu siku hizi wanapanda Toyota Land Cruiser, kwa hiyo minada haitoi tena Land Rover kama zamani na boksi lake halijazwi upya. Nilimwomba tuorodheshe zilizomo: fupi kumi na moja, ndefu sita, mbili kati yake meno yameanza kupinda. Nimeziweka kwenye faili ya kawaida ya maandishi, kila moja na alama aliyoipiga kwa patasi kwenye flenji. Mjomba alichukua fupi moja na ndefu moja, akazifunga kwa gunia na kuziweka nyuma ya kiti.